Kazi za wasanii wa Goma zinaenda wapi?

(Maneno yenye yalisemwa mbele ya wanamemba, wasanii na wakaaji, Goma, tarehe 18 Mei 2023. Tunayaandika sawa vile yalisemwa, tumeondoa tu marudio.)



Leo ni siku ya mize ulimwenguni. Tangu 1977, kila tarehe 18 ya mwezi wa tano, inchi nyingi zinaalika raia wao ndani ya nyumba za makumbusho, zenye sisi hapa tunaitaka mize. Goma iko na watu zaidi ya milioni moja. Iko na mahoteli kando ya ziwa, iko na maofisi ya ONG kila avenue ya Himbi, iko na makanisa na mabaa bila hesabu. Nyumba moja ya Leta yenye kuweka kazi za wasanii wa wakati wetu, hakuna. Sisemi nyumba ya ngoma za wafalme na mikuki ya zamani, hata ile ni ya lazima, lakini ni mambo mengine. Nasema nyumba ya kazi za watu wenye tunaishi nao: tablo, picha za foto, filamu, sanamu za chuma, slam. Swali langu ya leo ni moja tu. Kazi hizo, kiisha kufanywa, zinaenda wapi?

Mbele ya kuingia ndani, leka nijibu neno lenye mama mumoja ametuuliza pale mulangoni. Amesema: «Vita iko Masisi na Rutshuru, watu wanalala chini ya bashi Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, na ninyi vijana munaleta mambo ya tablo?» Mama, swali lako ni la haki, sitaikimbia. Hapa hakuna mutu mwenye anaomba franka moja itoke kwa maji ya kambi iende kununua rangi. Lakini angalia mambo yenye yanafanyika ndani ya kambi zile zile. Kila siku kuna mupiga foto anaingia, mugeni ao mwana wa hapa. Anapiga mama mwenye kubeba bidon, anapiga mutoto kwa mulango wa hema. Ile picha inaenda Paris, London, New York, inaingia ndani ya archive ya ajansi, na tangu siku ile, kuitumia inaombaka leseni na malipo. Mupiga foto akilipwa, ni vizuri, ni kazi yake, tena vijana wa Goma wamefika mbali sana ndani ya kazi hiyo na tunawaheshimu. Lakini yule mutoto wa kwa mulango wa hema, akikuwa mukubwa na kutaka kuona uso wake wa mwaka 2023, atakwenda wapi? Mama, njo hiyo tunaleta leo. Watu wa kambi njo wa kwanza wenye wanapoteza.

Sasa, mize ni nini? Watu wengi wakisikia neno hilo wanaona jengo kubwa la vioo, bendera mbele, waziri anakata kamba. Jengo ni ganda. Moyo wa mize ni mukusanyo, ni kusema zile kazi zenyewe, na daftari lenye kuzihesabu. Ukinunua tablo na kuiweka kwa saluni yako, ni yako, unaweza kuiuza kesho, unaweza kuipaka rangi juu. Ikiingia ndani ya mukusanyo wa raia, inageuka kitu kingine. Inapata nambari, yenye inaandikwa hata nyuma ya fremu. Ndani ya daftari inapata mustari wake: jina la musanii, mwaka, imefanywa na nini, urefu na upana, imeingia namna gani (imenunuliwa, imetolewa zawadi, imeachwa na marehemu), na hali yake siku ile, kama iko na tundu ao rangi imeanza kubanduka. Kuna barua yenye sahihi mbili. Kuna foto. Kuanzia pale, gavana haina yake, meya haina yake, direkta wa mize haina yake. Hakuna mwenye anaweza kuiuza. Na mutu yeyote, hata muuza mandazi wa Birere, iko na haki ya kufika na kusema: nambari 214, nataka kuiona.

Wazee wa Kiswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui kama walifikiria tablo, lakini neno inaingia.

Siku gavana anabadilishwa, kunakuwaka remise et reprise. Wanahesabu magari, viti, kompyuta. Mukusanyo wa raia ungepashwa kuhesabiwa pale pale, mustari kwa mustari. Naona wamoja munacheka. Ndiyo, najua, hata magari yanapoteaka kati ya gavana mumoja na mwenzake. Lakini gari yenye iko kwa orodha, ikipotea, tunaweza kuuliza. Kitu chenye hakikuandikwa hakuna mwenye anaweza hata kusema kilikuwako.

Leka niwaletee mambo ya Lubumbashi, juu inatuhusu kuliko mambo yote ya Ulaya. Kulikuwa pale muchoraji jina yake Tshibumba Kanda-Matulu, alizaliwa 1947. Hakusoma akademi. Alikuwa anachora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na kuuzia watu wa muji, wafanyakazi, watu wa biro, wenye walikuwa wanatundika tablo ndani ya saluni zao. Mwaka 1973 na 1974 alifanya kazi moja kubwa sana: alichora historia ya inchi yote, tangu wafalme wa zamani, kuja kwa wazungu, ukoloni, Lumumba, Katanga kujitenga, mpaka Mobutu. Tablo 101. Na tablo kwa tablo alieleza, kwa mudomo wake, kwa Kiswahili cha Katanga, kile Kiswahili mutu wa Goma anasikia bila mukalimani. Mwenye alinunua na kurekodi maelezo ni mwalimu wa universite, Johannes Fabian. Leo tablo zile ziko Amsterdam, ndani ya mize ya taifa ya Waholanzi. Tshibumba mwenyewe alipotelea ndani ya miaka ya 1980 mwanzoni, hakuna mwenye anajua vizuri alikufa namna gani.

Sitaki kusema ule mwalimu aliiba. Alinunua. Aliandika kitabu, na maneno ya Tshibumba yaliwekwa hata kwa intaneti, kwa Kiswahili, ni kazi ya heshima. Tena tuseme ukweli: zile tablo zingine za wachoraji wa Lubumbashi zenye zilibaki ndani ya masaluni, mvua ilizipiga, muchwa ulizikula, familia zilihama, zilitupwa. Zenye zilitoka njo zilibaki. Na mimi hilo linaniuma zaidi kuliko wizi. Juu mwizi unaweza kumufuata na kumuambia arudishe. Hapa hakukuwa mwizi. Kulikuwa musanii mwenye alitaka kuelezea Wakongomani historia yao, kwa luga yao, na hakukuwa hata mulango moja wa Leta wenye ulifunguka na kusema: leta hapa, tutalipa, tutaweka, watoto watakuja kuona.

Kuna lingine lenye linachekesha na kuumiza. Munajua mize ya Tervuren, kule Ubeljiji, yenye iko na vitu vya Kongo karibu 120 000. Mwaka 2002 Chéri Samba, muchoraji wetu wa Kinshasa, alichora tablo, jina yake Réorganisation. Ndani yake Wakongomani wanavuta na kamba sanamu moja mbaya ya zamani, ile ya mutu-chui, wanataka kuitoa inje ya mize, na watu wa mize wanavuta kwa upande wao ibaki. Tablo ile iko wapi leo? Iko Tervuren. Mize ile njo iliiagiza. Hata hasira yetu juu ya mize yao, ni wao wenye walinunua na kuitunza.

Watu wanatuambiaka: basi dawa ni kurudisha, wazungu warudishe vitu. Kurudisha ni haki, na tutaendelea kuiomba. Mwezi wa pili mwaka jana Ubeljiji ilipatia serikali yetu orodha ya vitu karibu 84 000, na mwezi wa sita mufalme wao alileta Kinshasa kinyago cha Wasuku, Kakungu. Angalieni vizuri: hata pale kitu cha kwanza chenye maana kilikuwa orodha. Na musisahau mbele ya hapo. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilishaleta vitu 114 kwa Zaire. Mobutu alisifiwa. Kiisha wakati utawala wake ulikuwa unaanguka, mize ya Kinshasa iliporwa, na vitu vingi vya inchi vilipotea, vingine vikauzwa inje. Kwa hiyo kabla hatujauliza mufalme wa Ubeljiji, tujiulize sisi: kikirudi, kinafikia kwa nani? Nani anashika daftari? Nani analipa sentineli, na miezi ngapi hajalipwa?

Kinshasa sasa iko na mize mupya ya taifa, ilifunguliwa 2019, ilijengwa na feza za Korea Kusini, dola karibu milioni 21. Ni jengo la muzuri. Lakini kutoka Goma kufika Kinshasa hakuna barabara, ni ndege tu, na bei ya tiketi munaijua kuliko mimi. Mwanafunzi wa Majengo hataiona mpaka anazeeka. Lubumbashi wana mize ya taifa, tena tangu 2008 wasanii wenyewe, Sammy Baloji na wenzake, walianzisha biennale bila kungojea Leta. Kwa upande wetu wa mashariki, hata mimi nikitaka kuona mize ya Leta ya sanaa ya kisasa yenye iko karibu, unajua ni wapi? Ni Kigali. Pale Kanombe, ndani ya nyumba yenye Rais Habyarimana alikuwa anaishi, serikali ya Rwanda ilihamisha mize yake ya sanaa mwaka 2018, mbele ilikuwa Rwesero, upande wa Nyanza. Sitasema mengi juu ya serikali ile, munajua vizuri maoni yetu na munajua nani anasaidia M23 kutupiga. Lakini mutu mwenye macho aone: hawakujenga. Walichukua nyumba yenye ilikuwa imeshasimama. Sisi tuko na nyumba ngapi za Leta ndani ya muji huu zenye zinakaliwa na watu wenye hawana karatasi?

Na Nairobi nataka niwape mufano wenye una pande mbili. Joseph Murumbi alikuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966. Aliacha siasa, akabaki anakusanya: kazi za wasanii wa Afrika, vitabu, stempu, nguo, mapambo. Mwisho aliuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mukusanyo, kwa makubaliano kwamba pale patakuwa chuo cha mambo ya Afrika. Chuo hakikuwa. Nyumba iliachwa, ikaharibika, kiwanja kikaliwa na wenye nguvu. Huo ni upande wa kwanza, unafanana na kwetu sana. Upande wa pili: mukusanyo haukupotea wote, juu kulikuwa karatasi. Leo unaingia jengo la Archives za taifa katikati ya Nairobi, unakuta kazi zile, na mutu wa inchi analipa kidogo tu, anaingia kati ya mabasi na wauzaji wa soko. Murumbi alikufa 1990 na uchungu wa nyumba yake. Lakini barua yenye aliandikisha inaendelea kufanya kazi.

Turudi hapa. Mutu asiseme Goma haina sanaa, tutamucheka. Yolé!Africa imefundisha vijana kushika kamera na kucheza tangu kiisha mulipuko wa 2002. Petna Ndaliko na wenzake waliweka hapa tamasha ya filamu wakati wengi walisema Goma ni ya wanajeshi na ONG tu. Foyer Culturel imeshapokea vizazi vya wanamuziki na wachezaji. Amani Festival ilianza mwezi wa pili 2014, miezi michache tu kiisha M23 ya kwanza kushindwa. Goma Slam Session wanasema mambo yenye wakubwa hawapendi kusikia. Na kila mutu anapitaka pale rond-point anaona sanamu ya chukudu. Wamoja wanaicheka, rangi ya zahabu kwa muji wenye vumbi nyeusi. Mimi naipenda. Njo kazi moja ya sanaa ya Leta ndani ya Goma yenye hakuna tiketi, na yenye inaonyesha mutu wa chini, mwenye kusukuma viazi kutoka juu kule, sio mukubwa mwenye kofia.

Lakini hesabu tena: Yolé ni ya raia. Foyer ni ya raia. Festival ni ya raia na wafadhili. Wanafanya kazi ya kuonyesha, na kuonyesha haiko sawa na kuweka. Kiisha maonyesho ya siku tatu, tablo inarudi chini ya kitanda cha musanii, ama inaondoka. Inaondoka na nani? Na mugeni mwenye mukataba wake unaisha. Analipa dola 100, 150, anazungusha kitambaa, anaweka kwa valizi, anapanda ndege. Musanii anafurahi, amelipa shule ya watoto, na mimi nitamuhukumu juu ya nini? Ama ofisi moja inaagiza picha kubwa kwa ukuta juu ya amani ao Ebola ao uchaguzi. Projet inakwisha, wanahama, mwenye nyumba anapaka chokaa. Tumeshaona hiyo zaidi ya mara moja. Filamu ziko ndani ya disk dur, na disk dur munajua inakufaka siku gani: siku yenye unaihitaji.

Na hapa kwetu kuna moto wa chini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa. Masanduku ya picha za ndoa, studio za foto, karatasi za shule, vyote viliungua. Kiisha siku nne kutoka leo tutatimiza miaka mbili tangu ile magaribi ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati Nyiragongo ilifunguka tena na lava ikasimama Buhene. Tarehe 27 wakatuambia tuondoke, watu wakajaza barabara ya Sake na barrière za Gisenyi. Ulibeba nini siku ile? Watoto, godoro, sufuria, diplome. Hakuna musanii mwenye aliweza kubeba miaka kumi ya kazi kwa kichwa. Kwa hiyo mize ya Goma haiwezi kufanana na mize ya Brussels. Inapashwa kujua kwamba siku moja tutakimbia tena. Daftari liwe na kopi tatu, moja hapa, moja Bukavu, moja inje ya Kivu. Kila kazi ipigwe foto ya muzuri, na filamu na sauti viwekwe pahali pawili pa mbalimbali. Kazi zenye hazirudilike, zile za kitambaa na mbao, ziwe na masanduku yenye watu wawili wanaweza kubeba. Haya hayahitaji Korea.

Sasa tunaomba nini, na kwa nani? Hapa nitasema wazi, najua hata ndani ya chumba hiki hatukubaliane wote.

Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inapatia kila mutu haki ya utamaduni, na inasema Leta inalinda urizi wa taifa. Sheria ya kulinda vitu vya utamaduni iko tangu mwezi wa tatu 1971, mbele hata wengi wetu hatujazaliwa. Sheria haikosekane. Tunaomba jimbo itoe chumba kimoja, kikavu, chenye mulango wa chuma, ndani ya nyumba ya Leta yenye imeshasimama. Chumba, sio palasi. Tunaomba mustari mumoja ndani ya bajeti ya jimbo, wa kununua kazi kwa wasanii kila mwaka. Nimesema kununua. Neno hilo nitalirudilia: kununua. Juu tumechoka na wasanii kuitwa wachore «kwa ajili ya amani», wanalipwa soda, fanta moja na tisheti. Mize yenye inaanza na kuomba vya bure itakuwa mize ya wenye wako na feza ya kutoa bure, ao ya wenye wanatafuta kusifiwa.

Ndugu mumoja aliniambia: uko unapatia kamba mutu mwenye atakufunga. Tangu mwezi wa tano 2021 jimbo yetu iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, gavana ni mwanajeshi, wabunge wa jimbo hawako kwa kazi. Ukiwapatia mukusanyo leo, kesho utakuta ukuta umejaa picha za wakubwa, na slam yenye kuuliza ni nani aliua watu Beni imefichwa. Naona iko na haki. Wengi kati yetu tulishaonja gereza ya Munzenze juu ya kusema tu, kwa hiyo hatutaenda kufikiri kwamba tablo itaheshimiwa kuliko mutu.

Kwa ile sababu sisi tunasema ianze na daftari, na daftari ishikwe na raia. Neno «ya watu wote» haimaanishe «ya gavana». Leta ilipe chumba, ilipe sentineli, ilipe wasanii. Kuchagua kazi gani inaingia, ifanywe na komite yenye wasanii, walimu na wakaaji, wenye wanabadilishwa kila mwaka mbili, na majina yao yanabandikwa mulangoni. Kazi yenye imeingia haitoki, hata kama inachukiza mukubwa, hata kama inatuchukiza sisi wa harakati. Wachoraji watatuchora na sisi, na hatutapenda. Iingie pia. Mpaka sharti hizo zikubaliwe na kuandikwa, musanii asitoe kazi yake, ibaki kwake. Lakini mustari wake ndani ya daftari unaweza kuandikwa leo.

Kuna mumoja ameniuliza kama tutaandika paka vitu vya «muzuri», na nani atasema ni muzuri. Tusiingie hapo sasa. Kibao cha salon de coiffure cha Katindo chenye kilichorwa na mukono, maandishi ya nyuma ya magari, ile picha ya Lumumba kwa ukuta wa baa, viandikwe. Wale watu wa saluni za Lubumbashi hawakujua kwamba wananunua historia. Komite itapunguza kiisha. Leo kazi ni kuandika mbele haijapotea.

Kwa wale wa ONG na wageni wenye wanatusoma: kama uko na kazi ya musanii wa Goma ndani ya nyumba yako, ya hapa ao ya Ulaya, hatukuombe uirudishe kesho. Tunaomba foto mbili, ya mbele na ya nyuma, na majibu: ulinunua kwa nani, mwaka gani, pahali gani. Usitume adresi yako, hatuihitaji. Na mwenye ofisi yenye iko na picha kwa ukuta, mbele ya kuhama na kupaka chokaa, itisha mwenye aliichora aje aipige foto. Ni simu moja tu.

Basi. Daftari liko pale kwa meza, karibu na mulango, na dada wawili wanaandika. Wasanii, mupite mumoja mumoja: jina, kazi, mwaka, imefanywa na nini, urefu na upana kwa santimetre, na iko wapi leo. Kama hukumbuke mwaka, sema ilikuwa mbele ao nyuma ya volcano, tutatafuta. Kama iliuzwa na hujui iko inchi gani, iandikwe vilevile, na pale penye tunaandika «iko wapi» tuache wazi. Mwenye iko na kazi ya rafiki mwenye alishakufa, aanze yeye, tusimungojeshe.